Asali na ulimbo wa nyuki juu ya kidonda

Katika mafungo ya wakatekista, mmoja wao alisimama akatuuliza mbele ya wote: «Padri, katika kijiji chetu mtu akijikata na jembe, ao mtoto akiunguzwa na maji ya moto, wazee wanaleta asali. Wengine wanaleta ule ulimbo mweusi wa mzinga. Je, ni dawa kweli, ao ni mambo ya uganga tunayopashwa kukataza?» Wenzake walicheka kidogo. Lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Toka kijiji chake mpaka dispanseri ni mwendo wa saa saba kwa miguu, na wakati wa mvua mto unafunga njia. Anayeitwa usiku kutazama kidonda, mara nyingi, ni yeye katekista.

Siku ile tulimjibu kwa maneno machache, na maneno hayo hayakututosha sisi wenyewe. Tangu hapo tumesoma, tumewauliza waganga na Masista wa lopitali. Tena katika jambo hili tuna deni letu, nasi tutalieleza mahali pake. Jibu kwa kifupi ni hili: asali ni dawa kweli ya kidonda, hata lopitali za Ulaya na Marekani zinaitumia leo, ulimbo wa nyuki una nguvu pia, lakini nguvu yake haijapimwa sawasawa, na vyote viwili vinaweza kumdhuru mgonjwa kama mwenye kuvitumia hajui kidonda kilicho mbele yake ni cha namna gani.

Si jambo jipya. Kuna kitabu cha mafunjo kinachoitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyekinunua huko Luxor, katika nchi ya Misri, mwaka 1862. Kiliandikwa karibu miaka 1600 mbele ya Kristu, nacho kinaeleza vidonda na mivunjiko 48, kimoja kimoja: namna ya kukitazama, namna ya kukipapasa, na kama munganga aseme «nitakitibu» ao «sitakitibu». Dawa inayorudi mara nyingi ni mafuta, asali na nyuzi za kitambaa, kila siku. Mafuta yanazuia kitambaa kisishikamane na nyama, nyuzi zinanywa maji ya kidonda, na asali inafanya kazi ambayo Wamisri waliiona kwa macho bila kuweza kuieleza. Msomaji atakumbuka pia yule Msamaria wa Injili ya Luka aliyemimina mafuta na divai. Na nabii Isaya, katika sura yake ya kwanza, anapolia juu ya vidonda vya taifa lake, anasema havikukamuliwa, havikufungwa, havikulainishwa kwa mafuta. Tazameni utaratibu ule: kwanza kukamua, kisha kufunga, kisha mafuta. Nabii hakuanza na dawa.

Sasa tuingie katika mzinga. Usiku wa Pasaka, katika sifa za mshumaa, Kanisa linamtaja nyuki kwa ajili ya nta yake. Lakini nta si kitu pekee kinachojenga nyumba ya nyuki. Nyuki wengine wanakwenda juu ya miti, wanakwangua utomvu wa machipukizi na wa magome yaliyopasuka, wanaupakia katika miguu ya nyuma, na wanaurudisha nyumbani. Huko unachanganywa na nta, ukawa ulimbo wa rangi ya kahawia, ao mwekundu, ao mweusi, kadiri ya miti iliyotoa utomvu. Wakati wa joto unanatanata vidoleni. Wakati wa baridi unavunjika kama kioo. Jina lake la kitaalamu ni propolisi. Waseminari wanaosoma Kigiriki watalifungua neno hilo mara moja: *pro* na *polis*, mbele ya mji, kwa sababu nyuki wanaziba nao mlango wa mji wao, wanaupunguza mpaka wapite wao tu.

Wafugaji wa nyuki wanajua jambo moja la ajabu. Pengine panya anaingia mzingani kutafuta asali, nyuki wanamuuma mpaka anakufa. Kumtoa nje hawawezi, ni mzito mno. Kumwacha aoze katikati ya watoto wao hawawezi. Basi wanampaka ulimbo mwili mzima, wanamfunika, naye anakauka bila kuoza, kama zile maiti za wafalme wa Misri. Mwenye kufungua mzinga anamkuta vile, hana harufu mbaya. Tukumbuke kwamba ndani ya mzinga mnaishi nyuki kwa maelfu mengi, wamebanana, katika giza na joto karibu la mwili wa mtu. Mahali kama pale mikrobi zingepashwa kufurahi. Ulimbo ule, uliopakwa katika kila ufa na kila ukuta, ni sehemu ya ulinzi wao.

Asali nayo ina silaha zake, na hizo zinajulikana vema zaidi. Ya kwanza kila mama wa kwetu anaijua, ijapokuwa hakusoma kemia: ndiyo ile inayolinda makayabo na samaki wa chumvi wasioze. Chumvi nyingi inavuta maji, na mikrobi bila maji haiwezi kuishi. Asali inafanya hivyo kwa sukari. Sehemu nane katika kumi za asali ni sukari, na maji yake hayapiti sana sehemu mbili katika kumi. Ikiwekwa juu ya kidonda, inavuta maji ya mwili toka chini kuja juu, na maji hayo yanasukuma nje uchafu na nyama iliyokufa. Silaha ya pili ni uchachu. Ulimi hausikii, kwa kuwa utamu unaufunika, lakini asali ina uchachu wa kutosha kuzuia mikrobi nyingi za vidonda zisiongezeke.

Kama ingekuwa hizo mbili tu, sukari ya duka ingetosha. Na kweli sukari nyeupe nayo imetumiwa juu ya vidonda. Lakini asali ina zaidi. Mwaka 1892 Mholanzi van Ketel aliandika kwamba asali inaua bakteria. Mwaka 1937 Mjerumani Dold alikiita kile kinachoua jina la «inhibini», ni kusema kizuizi, bila kujua ni kitu gani. Ilingojea mpaka mwaka 1963, ambapo Wamarekani, White na wenzake, walionyesha kwamba inhibini ile si kitu kingine ila perokside ya hidrojeni: ni ile dawa ya maji ambayo mwuguzi wa dispanseri anaimwaga juu ya kidonda ikatoa povu jeupe. Nyuki anatia katika asali kiini kimoja toka kichwani mwake, wataalamu wanakiita glukozi-oksidazi. Katika asali nzito kiini hicho kimelala. Lakini asali ikichanganyika na maji kidogo, kama maji yanayotoka katika kidonda, kinaamka na kuanza kutengeneza perokside polepole, saa kwa saa. Ile ya chupa inachoma mikrobi na nyama pamoja, kisha inakwisha. Hii ya nyuki ni kidogo kidogo, haichomi nyama, na haikwishi upesi.

Hapa kuna neno ambalo tungependa kila katekista alishike, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi vijijini. Kiini kile kinakufa kwa moto. Wanawake na wanaume wengi wa kwetu, wakitaka kutenga asali na nta, wanatia masega katika sufuria na kuyachemsha. Asali inatoka safi, nyekundu, inapendeza sokoni. Kwa chai inafaa. Kwa kidonda imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Imebaki sukari na uchachu tu. Hata chupa iliyokaa miezi mingi dirishani juani inapungukiwa vile vile. Wala tusiseme juu ya ile asali iliyoongezwa maji ya sukari na wachuuzi. Mwenye kununua katika barabara kubwa hajui amenunua nini.

Si asali zote zinazotegemea perokside. Huko Zelandi Mpya kuna kichaka kinachoitwa manuka, na Peter Molan, mwalimu wa chuo kikuu cha Waikato, aliona kwamba asali ya maua yake inaua bakteria hata perokside ikiondolewa. Mwaka 2008 sababu yake ilitangazwa na wataalamu wa Dresden na wa Waikato: ni kitu kinachoitwa metilglioksali. Tangu hapo asali ya manuka imepata bei ya dhahabu, na watu wanafikiri asali nyingine hazina kazi. Hilo tunaona ni mambo ya biashara zaidi kuliko ya elimu. Asali nyingi za kawaida zinafanya kazi yao kwa perokside, na Afrika ilitoa ushahidi mapema.

Kwa maana mwaka 1988 munganga Efem wa Calabar, katika Nigeria, aliandika habari za wagonjwa wake 59 wenye vidonda. Wengi wao, wanane katika kumi, walikuwa wamekwisha jaribu dawa nyingine pasipo kupona. Aliwapaka asali ya kawaida, isiyopitishwa katika kiwanda. Hamsini na wanane walipata nafuu kubwa. Mmoja hakupata. Baadaye ilijulikana kwamba yule mmoja alikuwa na kidonda cha Buruli, ugonjwa unaoitwa kwa jina la nchi moja ya Uganda na unaopatikana pia hapa Kongo, hasa upande wa magharibi kando ya mto. Sisi tunampenda munganga huyu kwa sababu hakumficha yule mmoja. Hamsini na wanane wanatufundisha nguvu ya asali, na wa hamsini na tisa anatufundisha mpaka wake.

Nyuma yake yalikuja majaribio mengine, kama lile la Subrahmanyam katika Uhindi mwaka 1991, aliyegawanya watu 104 walioungua katika makundi mawili, nusu kwa asali na nusu kwa dawa ya fedha inayotumiwa katika lopitali. Wale wa asali walipona upesi zaidi. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ilikubali vitambaa vya asali viuzwe kama dawa ya vidonda. Mwaka 2015 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 26 yenye watu 3011, wakayapima kwa ukali. Waliona kwamba asali inaponya ngozi iliyoungua kidogo, isiyoungua mpaka chini, siku nne ao tano mbele ya vitambaa vya kawaida, na kwamba inasaidia vidonda vya upasuaji vilivyoingiwa na mikrobi. Kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya damu hawakuona faida. Kwa vingine vingi walisema ushahidi hautoshi. Mtu anayesema asali inaponya kila kidonda, basi, anasema uongo, hata kama anasema kwa furaha.

Labda mtu atauliza: dawa za antibiotiki zipo, sababu gani kurudi kwa nyuki? Twende sokoni tukaone. Pale kapsuli zinauzwa moja moja, rangi mbili mbili, juu ya meza yenye vumbi. Mtu ananunua mbili, anazifungua, anamwaga unga juu ya kidonda na kufunga kitambaa cha zamani. Unga unakauka pamoja na usaha, unafanya ganda gumu, na chini yake mikrobi zinaendelea. Tena zile zilizopata dawa kidogo tu, isiyotosha kuziua, zinajifunza kuishi nayo. Wataalamu walihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni moja na elfu 270 walikufa duniani kwa sababu ya mikrobi ambazo antibiotiki haziziwezi tena, na Afrika ya magharibi na ya kati imo katika nchi zilizoumia zaidi. Kwa asali, katika majaribio, mikrobi zimeshindwa kupata uzoefu huo kwa urahisi, kwa sababu zinapigwa na silaha nyingi kwa mara moja.

Neno juu ya ganda lile. Wazee wetu, na hata wauguzi wengi, wanafikiri kidonda kinapashwa kukauka. Mwaka 1962 Mwingereza George Winter alijaribu kwa nguruwe: vidonda vingine aliviacha vikauke, vingine alivifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki vibaki na unyevu. Vile vya unyevu viliota ngozi mpya karibu mara mbili upesi zaidi. Ngozi mpya inatembea juu ya mahali penye unyevu. Ikikuta ganda inapashwa kuchimba njia chini yake. Ndiyo sababu vitambaa vingi vya leo, vile vya majani ya bahari, vile vya maganda ya kamba, vile vya asali, vinatengenezwa vishike unyevu na kunywa maji yaliyozidi. Katika Gambia, katika lopitali ya Banjul, walitumia hata nyama ya papai iliyopondwa juu ya watoto walioungua. Papai inalainisha na kuondoa nyama iliyokufa, kama mama zetu wanavyolainisha nyama ngumu kwa majani yake.

Na ulimbo? Katika chombo cha majaribio unaua vizuri mikrobi za usaha, zile stafilokoki na streptokoki. Nyingine zinazopenda vidonda vya zamani haziogopi sana. Wataalamu wanauloweka katika alkoli, wanauchuja, kisha wanautia katika mafuta ao katika nyuzi za kitambaa. Shida yake ni hii: hakuna ulimbo mmoja. Ule wa Ulaya unatoka hasa katika mti wa popla. Ule wa kijani wa Brazili unatoka katika kichaka kingine kabisa. Wa kwetu unatoka katika miti ya misitu yetu, nao si sawa hata toka mlima mmoja mpaka mwingine. Kilichopimwa huko hakisemi lolote juu ya kilicho katika mzinga wa gome unaoning'inia katika miombo ya Katanga. Tena watu wengine ngozi yao inaukataa: inawaka, inatoa malengelenge, inawasha, na kidonda kinakuwa kibaya kuliko mbele; wafugaji wa nyuki wenyewe wanaugua hivyo mikononi. Na mtu asifikiri kuuloweka katika lutuku. Hakuna ajuaye nguvu ya lutuku ile ni kiasi gani, wala ina sumu gani ndani yake, wala sisi hatutaki kuwa sababu ya chupa kuingia nyumbani kwa jina la dawa. Kwa hiyo tunasema wazi: ulimbo tuwaachie wenye kuupima. Asali ndiyo tunayoweza kusema juu yake.

Sasa deni letu. Miaka michache nyuma ya upadrisho, tulikuwa vikari katika misioni moja ya milimani. Mzee katekista wetu, aliyezunguka vijiji vyote kwa baiskeli, alipata kidonda chini ya mguu; kiatu kilikuwa kimemsugua. Tulikuwa tumesoma habari za asali, na tulifurahi kupata mtu wa kumjaribia. Tulimwosha, tukampaka asali, tukamfunga. Nyuma ya siku chache harufu ilikwisha, juu ya kidonda palikuwa pekundu na safi. Tuliwaonyesha watu. Hata katika mahubiri tulitaja hekima ya nyuki. Kila tulipomuuliza, mzee alijibu: «Hakiniumi hata kidogo, Padri.» Nasi tulimshukuru Mungu.

Juma la tatu mguu ulivimba. Tulimpeleka lopitalini kwa pikipiki, naye alikuwa na homa. Munganga alimpima damu, akakuta sukari nyingi mno. Mfupa chini ya kile kidonda kizuri ulikuwa umeoza. Munganga hakutukaripia. Aliuliza tu: «Tangu lini?» Walimkata mguu chini ya goti.

Tulipashwa kujua. Mzee alikuwa anakunywa maji kama mtu wa jangwani, alikuwa anatoka nje usiku mara tano, na nguo zake zilikuwa zimempwaya; wote walijua, tuliongea hata kwa kumchekesha. Na kule kusema «hakiniumi» hakukuwa kazi ya asali. Ugonjwa wa sukari unaua mishipa inayopeleka maumivu, na unaziba ile inayopeleka damu. Mguu wa namna ile hauna habari na mwenye nao. Kidonda cha kweli kinauma. Kisichouma chini ya mguu, hicho ndicho cha kuogopa. Mzee yu hai. Yeye ndiye anayetunza asali ya misioni leo, na hampi mtu chupa kwa kidonda cha mguu mpaka aone karatasi ya dispanseri yenye kipimo cha sukari. Wengine wananung'unika.

Basi, vidonda visivyo vya asali. Kidonda cha mguu cha mwenye sukari, ao cha mtu anayekonda na kunywa maji mno. Uvimbe usiouma unaopasuka wenyewe ukala ngozi pembeni, kwa maana unaweza kuwa Buruli, nao unataka vidonge vya majuma manane. Na doa lisilosikia sindano, kwa maana linaweza kuwa ukoma. Kidonda kilichoingia ndani: cha mkuki, cha risasi, cha msumari, cha panga lililofika mfupani. Kilichopata udongo ao samadi, mpaka mgonjwa apate sindano ya pepopunda. Kuungua kwa uso, kwa mikono, kwa sehemu za siri, ao kunakopita upana wa viganja vichache vya mgonjwa, na kwa mtoto mchanga kuungua kokote. Kidonda chenye homa, chenye weusi, chenye wekundu unaopanda mguuni. Na kuumwa na mbwa: hapo ni kuosha kwa sabuni na maji mengi robo saa nzima, kisha safari siku ileile kwenda kutafuta chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo ukianza kuonekana mtu hapone. Hao wote waende, hata kama ni saa saba kwa miguu, hata kama ni kwa machela. Katekista akitaka kuwafunika kwa kitambaa safi mbele ya safari, vema. Lakini asiwazuie siku moja.

Vinavyobaki ni vingi, navyo ni vya kila siku: kukwaruzwa, jembe lililogusa kidole, kuungua kidogo kwa maji ao kwa mafuta. Kwa kuungua, kitu cha kwanza si asali ila maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Wala si dawa ya meno, wala si mafuta ya ngazi, wala si majivu. Kwa kidonda, maji yaliyochemka na kupoa, na sabuni pembeni yake, mpaka uchafu wote umetoka. Mkono wa mwenye kuosha uoshwe mbele. Asali iwe ya sega lililofungwa na nyuki wenyewe kwa nta, lisilo na watoto wa nyuki, iliyodondoka yenyewe katika kitambaa safi bila moto, na kuwekwa katika chupa iliyochemshwa, mahali pa giza. Asali haipakwi juu ya nyama. Inapakwa juu ya kitambaa, kijiko kikubwa na zaidi kidogo kwa kitambaa cha upana wa kiganja, na kitambaa kinalazwa juu ya kidonda, kingine kikavu kinafunika. Vitambaa vya pamba vilivyochemshwa na kupigwa pasi ya moto vinatosha. Siku za kwanza kidonda kinatoa maji mengi, kwa sababu asali inayavuta. Watu wanaogopa, wanafikiri kimeharibika. Hapo kitambaa kinabadilishwa kila siku, hata mara mbili. Kikishikamana, kilowekwe kwa maji safi, kisivutwe. Wengine watasikia kuchomwa kidogo kwa uchachu. Kukizidi, asali iondolewe. Na kama nyuma ya siku nne ao tano hakuna nafuu, kazi ya katekista imekwisha, ni zamu ya munganga.

Tusifiche tofauti iliyopo kati ya asali hii na ile ya lopitali. Ile imepitishwa katika miali ya gama, kwa sababu asali mbichi inaweza kuficha mbegu za mikrobi fulani ambazo hazifi ndani yake, zinalala tu, na moto ungeziua pamoja na kile kiini cha nyuki. Miali inaua mbegu na kuacha kiini. Sisi hatuna mashini ile. Kwa hiyo asali ya kijiji inafaa vidonda vidogo vya juu juu, pale ambapo dispanseri iko mbali. Mahali penye mwuguzi na vitambaa vyake, yeye ndiye mwenye neno.

Mbegu hizohizo ndizo zinazofanya asali iwe hatari kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Tumbo lake halina nguvu ya kuzishinda. Zinaamka ndani na kutoa sumu inayolegeza mwili wote mpaka pumzi. Ilivyo desturi mahali pengine kumlambisha mtoto aliyezaliwa asali kwa kidole, wakatekista wawaambie mama zao waache. Na chupa ya kidonda isiwekwe pamoja na chakula, maana watoto wakubwa wataikwisha mbele ya Jumapili.